Uniti Moja Ndani ya Boksi

Fungua ujumbe wa mwisho wa LUKU kwenye simu yako uangalie ulipata uniti ngapi. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, shilingi 1,000 zinakupa uniti zisizofika tatu. Sasa lifikirie boksi la betri lenye paneli yake ya sola, lile ambalo maduka ya Kariakoo yanaliita jenereta ya sola. Chukua la ukubwa wa kati, zito kama ndoo ya lita 10 iliyojaa maji au zaidi kidogo. Ndani yake imo uniti moja tu.

Naanza na hesabu hii kwa sababu neno jenereta linawaponza watu wengi. Jenereta ya petroli ukiiongezea mafuta inaendelea kunguruma. Boksi likiisha limeisha, mpaka jua litoke au umeme urudi, kwa sababu kazi yake ni kutunza umeme uliotoka kwingine. Anayekinga maji siku ya zamu ya mtaa wake analielewa jambo hili bila kufundishwa. Pipa likijaa, maji yale ni ya kunywa, kupikia na chooni, na hakuna anayeyachota kuoshea gari. Ukiliangalia boksi kama unavyoliangalia pipa, litakufaa miaka mingi. Ukiliangalia kama bomba lisilokauka, litakuzimikia usiku wa kwanza.

Hesabu hiyohiyo inakwambia pia kwamba hununui boksi ili kubana matumizi ya umeme. Ukilijaza na kulimaliza, umeokoa umeme wa shilingi mia tatu na kitu. Unachonunua ni taa wakati mtoto anajiandaa na mtihani, feni usiku wa Februari, dawa isiyoharibika. Hivyo vina thamani yake, lakini ni lazima uvitaje kwa majina kabla hujatoa pesa.

Anza na daftari

Keti na wa nyumbani kwako muulizane swali moja: umeme ukikatika saa 12 jioni ukarudi saa 6 usiku, ni vitu gani havipaswi kuzima? Viandike. Mbele ya kila kimoja andika wati zake, ambazo zimechapwa kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye chaja. Kama kibandiko kinataja ampea peke yake, zidisha kwa volti 230. Kisha zidisha wati kwa saa utakazokitumia, upate wati-saa. Wati-saa 1,000 ni uniti moja ya LUKU, ileile unayoinunua kila siku.

Chukulia nyumba ya kawaida ya watu watano. Taa nne za LED za wati 9 kwa saa tano ni wati-saa 180. Ruta ya intaneti ya wati 10 kwa saa sita, 60. Runinga ya inchi 32 pamoja na king'amuzi, wati 65 kwa saa tatu, 195. Feni ya wati 60 kwa saa sita, 360. Simu tatu kuchajiwa toka chini hadi juu, kama 60. Jumla ni 855.

Usiishie hapo. Betri inatoa umeme wa moja kwa moja, na soketi za nyumbani zinataka umeme wa kupishana wa volti 230. Kazi ya kuugeuza inafanywa na inveta iliyomo ndani ya boksi, nayo inakula chake, kama asilimia 15. Kwa hiyo gawanya 855 kwa 0.85. Unapata wati-saa 1,006. Uniti yote imekwisha, na friji hujaigusa.

Rudi kwenye daftari uone nani anakula zaidi. Ni feni. Siku hizi kuna feni za umeme wa moja kwa moja zinazotumia wati 25 hadi 30 kwa upepo uleule, na nyingine zinachomekwa kwenye tundu la volti 12 la boksi bila kupitia inveta. Kubadilisha feni moja kunakuokolea wati-saa 180 kila jioni, tena kwa gharama ndogo sana kuliko kununua boksi kubwa zaidi. Ndiyo maana nasisitiza daftari lije kabla ya duka. Nimemwona mtu akiongeza boksi la pili wakati tatizo lake lilikuwa balbu sita za zamani za wati 60 alizozisahau barazani na uani.

Vitu vinavyozalisha joto viache nje ya daftari kabisa. Birika la umeme linavuta wati 1,500 hadi 2,200, pasi 1,000 na zaidi, na jiko la sahani moja halipungui hapo. Boksi la uniti moja likibebeshwa birika linaisha kwa chini ya dakika 40, kama inveta yake itakubali kabisa. Chai ya usiku wa giza ichemke kwenye gesi au mkaa. Pasi piga Jumapili umeme ukiwepo.

Friji na friza

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtaani kwetu kuna mama anayeuza samaki na barafu za watoto. Alinunua boksi lililoandikwa wati 300, akalichomekea friza yake, likazima palepale. Akaniita. Nilipomwamkia alijibu marahaba huku akinionyesha kibandiko kwa kidole: "Mwanangu, friza wati 150, boksi wati 300. Sasa linazima kwa nini?" Alikuwa amesoma vizuri kabisa. Kasoro ilikuwa kwamba kibandiko hakikumwambia habari yote.

Mota ya friji au friza, wakati wa kuanza, huvuta umeme mara tatu hadi sita ya ule wa kawaida, na nyingine hupita hapo. Mvuto huo hauchukui hata sekunde moja. Umeme wa ukutani haujali. Inveta ndogo inajali, na inajikinga kwa kuzima. Friza ya wati 150 inaweza kudai wati 900 kwa kitambo kile. Kwa hiyo kwenye boksi tafuta namba mbili: wati za kudumu na wati za mshtuko wa kuanza. Kwa friji ya kawaida ya nyumbani nashauri usishuke chini ya wati 1,000 za kudumu zenye mshtuko wa 2,000. Friji mpya ambazo mota zake zinaongozwa na inveta huanza polepole na hazina tabu hii. Pampu ya maji nayo ina tabia ya friji za zamani, tena mbaya zaidi.

Namba nyingine unayoihitaji ni ulaji wa siku nzima, na kibandiko hakikusaidii kwa sababu mota inawaka na kuzima yenyewe. Mita yako ya LUKU itakusaidia. Usiku mmoja, saa 4, zima kila kitu isipokuwa friji, chomoa hata chaja, kisha soma uniti zilizobaki hadi nukta. Saa 12 asubuhi, kabla mtu hajawasha taa, soma tena. Umepata ulaji wa saa nane. Zidisha kwa tatu, uongeze kidogo kwa sababu mchana kuna joto na mlango unafunguliwa. Friji nyingi za kwetu zitakupa kati ya nusu uniti na uniti moja na nusu kwa siku. Tuseme yako ni uniti 1.2. Hiyo ni wati-saa 50 kila saa, 300 kwa jioni yetu ya saa sita. Ukiziongeza kwenye daftari la feni mpya unapata 975, na ukigawa kwa 0.85 ni 1,147. Kwa nyumba hiyo boksi la wati-saa 1,500 linatosha na linabakisha akiba.

Kuna njia ya kupunguza hata hizo. Friji haihitaji umeme kila dakika, inahitaji ubaridi. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, inahifadhi ubaridi kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24, na sehemu ya kawaida ya friji kama saa nne. Jaza chupa za maji, acha nafasi juu kwa ajili ya barafu kutanuka, uzipange kwenye friza penye pengo lolote. Umeme ukikatika, hamishia mbili upande wa chini wa friji. Barafu ile ni betri, na haikugharimu chochote. Ukifanya hivi unaweza kuichomeka friji kwenye boksi kwa saa moja baada ya kila saa mbili au tatu, na uniti yako ikakufikisha asubuhi. Yule mama sasa hafungui friza yake kabisa wakati wa giza. Anauza samaki na barafu alizozitoa mapema zikakaa kwenye kasha la kuhifadhi baridi.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kisukari, insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na haipaswi kuganda kamwe, kwa hiyo usiigusishe na chupa ya barafu. Iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida huvumilia joto la chumba kwa wiki kadhaa, ila fuata karatasi ya dawa yenyewe, maana joto la Dar es Salaam au Tanga hupita lile la chumba linalotajwa humo. Chungu cha udongo chenye unyevu, kikiwekwa penye upepo, kinaweza kusaidia kushusha joto. Na kama kuna anayetumia mashine ya oksijeni, jua kwamba mashine ya lita tano huvuta kama wati 350. Uniti moja itaibeba kwa chini ya saa mbili na nusu. Boksi hapo ni la kununua muda, na mtungi wa oksijeni uliojaa lazima uwepo karibu.

Jua la kwetu na paneli

Paneli ya wati 200 haitoi wati 200 saa 12 za mchana. Mafundi wanahesabu saa za jua kamili, na kwa pwani yetu ni kama tano kwa wastani wa mwaka. Dodoma na Singida wanazidi hapo. Halafu toa asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi, waya na pembe isiyo sawa. Wati 200 mara saa tano mara 0.7 ni wati-saa 700. Kulijaza boksi la uniti moja kwa siku moja kunahitaji paneli ya wati 300. Wakati wa masika usitegemee zaidi ya nusu, na siku ambayo mawingu yamefunga tangu asubuhi huenda ukapata robo. Siku hizo ujazo wako utatoka ukutani.

Na hilo si kosa. Maboksi karibu yote yanachajiwa pia kwa soketi, mengi yakijaa kwa saa mbili hadi nne. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji haijaanza kuwashwa Februari 2024, waliokuwa na ratiba ya mtaa wao waliweza kupanga: umeme upo, chaji ukutani, haupo mchana, paneli nje. Kukatika kwa ghafla ni jambo jingine, maana hakukupi notisi. Dawa yake ni boksi kukaa limejaa, likiwa limechomekwa ukutani na vifaa vichache vimechomekwa kwake. Mengi hubadilisha ndani ya milisekunde 10 hadi 30, na hata kompyuta haitambui.

Paneli ielekeze kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini, kwa hiyo mlalo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, na unasaidia mvua kusafisha vumbi. Ukitumia ile ya kukunja unayoitoa na kuiingiza, igeuze kwa majira. Juni jua la adhuhuri liko kaskazini mwako sana, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba liko utosini, na Desemba limevuka upande wa kusini. Anayefua na kuanika anajua kivuli cha nyumba kinavyohama. Tumia ujuzi huohuo.

Kivuli chenyewe kiogope. Jani moja la mnazi likipita juu ya paneli linaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa kuliko ukubwa wake, kwa sababu vijisahani vya ndani vimefungwa mfululizo na kilichofunikwa kinabana vingine. Kwenye paa la bati acha nafasi ya sentimita 10 hivi chini ya paneli upepo upite. Kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 inapunguza kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu, na juu ya bati la Dar es Salaam saa nane mchana paneli hufika nyuzi 60.

Sasa jambo la kusoma mara mbili. Kila boksi lina kikomo cha volti zinazoingia kutoka kwenye paneli, na kimeandikwa ubavuni au kwenye kitabu chake. Mengi ya ukubwa wa kati yanakomea volti 60. Paneli kubwa za wati 550 zinazouzwa kwa mafundi wa paa hutoa karibu volti 50 kila moja zikiwa hazijabebeshwa mzigo. Ukiunga mbili mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, volti zinajumlishana na kufika 100. Ukichomeka hapo umeliua boksi, na waranti haitakusikiliza. Ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti zinabaki 50 na ampea ndizo zinazoongezeka, na boksi litavuta zile linazozihitaji. Kwa watu wa Njombe na Makete, kumbuka pia kwamba asubuhi ya baridi inapandisha volti za paneli juu ya zile za kibandiko. Acha nafasi ya asilimia 15 chini ya kikomo.

Usirudishe umeme kwenye nyaya za nyumba

Kuna waya ambao ningeomba usiwepo katika nyumba yoyote. Una plagi za kiume pande zote mbili. Mtu anachomeka upande mmoja kwenye boksi, mwingine kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima inawaka. Ukichomoa upande mmoja, meno ya plagi yako wazi yakiwa na volti 230, na mtoto yuko hapo sakafuni. Umeme wa mtaa ukirudi wakati waya uko mahali pake, unakutana na wa inveta, na inveta inapasuka au inashika moto.

Hatari ya tatu ndiyo inayoniumiza zaidi. Umeme wako unatoka kupitia swichi kuu na mita hadi kwenye transfoma ya nguzo. Transfoma ileile inayoshusha volti 11,000 au 33,000 ziwe za matumizi ya nyumbani inafanya kinyume ikilishwa kutoka chini: inapandisha. Kule juu kuna fundi aliyekuja kuturekebishia, ameambiwa laini imezimwa. Inveta ndogo inaweza kuzidiwa na mizigo ya majirani ikazima papo hapo. Lakini uhai wa mtu hauwekwi juu ya neno "inaweza". Kuna mama na watoto wanaomsubiri arudi.

Njia salama ni mbili. Ya kwanza ni kuchomeka vifaa kwenye boksi lenyewe kwa ekstensheni nzuri yenye waya wa milimita mraba 1.5, iliyonyooshwa, si iliyoviringwa kama kamba. Mpangaji inamtosha hii. Ya pili ni kumwita fundi mwenye leseni ya EWURA akutenganishie laini ndogo, tuseme taa, soketi mbili na friji, na kuifunga kwenye swichi ya kubadilisha njia, ile mafundi wanayoiita chenjiova. Swichi hiyo kwa umbo lake haiwezi kuunganisha pande mbili kwa pamoja: ama uko kwenye umeme wa mtaa, ama uko kwenye boksi. Mwombe akuonyeshe ikifanya kazi kabla hujamlipa, na umuulize wazi ataufunga vipi waya wa ardhini, kwa sababu maboksi mengi hayana muungano wa ardhi kama ule wa mita na kikata-umeme cha usalama kinaweza kisifanye kazi ulivyozoea.

Dukani

Ukifika dukani na daftari lako, swali la kwanza ni aina ya betri. Tafuta maandishi LiFePO4, lithiamu ya chuma na fosfeti. Inavumilia kuchajiwa na kutumika mara 3,000 au zaidi kabla haijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake, na haishiki moto kirahisi kama lithiamu za aina nyingine, ambazo nyingi huchoka baada ya mara 500 hadi 1,000. Madini haya ya betri yalielezwa miaka ya 1990 katika maabara ya John Goodenough huko Texas, mzee aliyepokea Nobel ya kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Betri za risasi na asidi zinauzwa rahisi, lakini ukizimaliza zaidi ya nusu mara kwa mara zinakufa, kwa hiyo nusu ya ulichonunua si chako.

La pili, usikubali ukubwa unaotajwa kwa milliampea-saa peke yake. Boksi lililoandikwa 300,000 kwa maandishi makubwa linasikika kama ghala. Zidisha kwa volti za seli, ambazo kwa lithiamu ya kawaida ni 3.7, ugawe kwa 1,000: ni wati-saa 1,110. La 60,000 ni wati-saa 222, taa na simu tu. Kisha libebe. Betri ya chuma na fosfeti yenye uniti moja ina karibu kilo sita kwa seli zake peke yake, na boksi kamili huwa kilo 10 au zaidi. La kilo tatu linalodai uniti moja mrudishie mwenye duka, kwa heshima.

Uliza umbo la mawimbi ya inveta. Unataka mawimbi laini kamili. Yale ya ngazi ngazi yanaifanya feni ivume, yanachosha mota ya friji na kuharibu baadhi ya chaja. Hakikisha ni volti 230 na hezi 50. Hili nalisema kwa ajili ya wenye ndugu Marekani: boksi la kule linatoa volti 120 na hezi 60, na friji ya kwetu haitakubali. Wala ndugu hawezi kulibeba kwenye ndege, maana betri inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria.

Ukilifikisha nyumbani, lipime ndani ya siku za kurudisha bidhaa. Lijaze, lichomekee balbu ya zamani ya wati 100, uandike saa. La wati-saa 1,000 linapaswa kufika saa nane au nane na nusu. Likizima saa tano, rudi nalo dukani na daftari mkononi.

Nina ushauri mmoja kwa wenye nyumba zao. Kama hesabu imekuleta juu ya uniti tatu, achana na maboksi. Funga betri ya ukutani na inveta yake, na paneli za kudumu juu ya paa. Kwa kila uniti kwa kawaida utalipa pungufu ya bei ya boksi, na kikiharibika kitu kimoja utabadilisha hicho hicho. Boksi ni la mpangaji, la mwenye mahitaji madogo, na la anayetaka kulibeba kwenda msibani au kwenye mkesha.

Mahali pake na matunzo

Liweke sebuleni au kwenye korido, kivulini, juu ya meza fupi, mbali na mlango wa kutokea na mbali na kitanda. Stoo yenye bati lisilo na dari inafika joto la kuiua betri kabla ya wakati wake. Likiwa linatumika linapumua kwa feni ndogo, hivyo usilifunike kitambaa hata kama kinapendeza. Wanaokaa karibu na bahari wafute chumvi kwenye tundu na plagi kwa kitambaa kikavu. Likivimba, likinuka au likiwa la moto bila kazi, lichomoe, litoe nje, lisichajiwe tena.

Kama utalikalisha miezi bila kazi, liache kwenye asilimia 50 au 60 na ulichaji kila baada ya miezi mitatu. Kuliacha tupu kabisa ndiyo njia ya haraka ya kulipoteza. Na umeme wa mtaa unaporudi baada ya giza refu, ngoja dakika tano kabla ya kurudisha friji ukutani, kwa kuwa volti za mwanzo huyumba. Wenye frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji, hawana haja ya kuhesabu, maana kinasubiri chenyewe.

Jumamosi moja kila mwezi, saa 12 jioni, zima swichi kuu ya nyumba kwa makusudi. Kila mmoja achomeke chake kwenye boksi kama mlivyoandika daftarini, mkae hivyo hadi saa 3 usiku, kisha msome asilimia iliyobaki na kuiandika pembeni ya tarehe. Mwezi wa kwanza mtagundua tochi imepotea, ekstensheni haifiki kwenye friji, na bibi hakumbuki kitufe cha kuwashia inveta. Mwekee alama ya rangi kwenye kitufe hicho.